Imekwamia Wapi?

Risasi ya kwanza ilitoka bila shida. Ya pili nayo ikatoka, ganda likaruka upande wa kulia na kudunda kwenye sakafu ya saruji. Nikabaki nasubiri bolti, kile chuma kinachosukuma risasi mpya ndani ya mtutu, ifunge, ile klaki niliyoizoea tangu nina miaka saba. Haikuja. Nikatazama, nikaona bolti imesimama njiani, imebakiza upana wa kidole kufika mwisho. Risasi ya tatu ilikuwa imeshaingia karibu yote, shaba yake tu ndiyo inang'aa kwenye upenyo kama jino la dhahabu.

Hii ni shotigani ya marehemu baba, Browning Auto-5 ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), iliyotengenezwa Herstal, Ubelgiji. Unaitambua kwa nundu. Mgongo wake wa chuma unakwenda tambarare kisha unakatika ghafla kabla ya mbao ya kitako, kama ng'ombe wetu wa asili anapotazamwa ubavuni. Utotoni nilikuwa napitisha kidole kwenye maandishi yake ya Kifaransa, "Fabrique Nationale d'Armes de Guerre", bila kujua hata neno moja lina maana gani. Baba aliitumia kwa kanga na kwale enzi za ujana wake. Alipofariki tuliikabidhi kituo cha polisi kama inavyotakiwa, ikakaa ghalani mpaka taratibu za umiliki zikakamilika. Siku ile kwenye uwanja wa shabaha ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifyatua ikiwa na leseni yenye jina langu. Kwa hiyo ilipokwama sikuona chuma kilichokwama. Nilihisi kama nimepokea kitu cha baba na siku ileile nimekiharibu.

Msimamizi wa uwanja alinitoa kwenye mawazo hayo. "Kaka, mtutu huko huko kwenye tuta. Kidole nje. Usiilazimishe."

Jirani yangu wa kulia akasema niipige bolti kwa kiganja itaingia. Mwingine nyuma yake akasema hiyo inataka oili tu. Wa tatu akasema Auto-5 zote za zamani ndivyo zilivyo, niuze ninunue ya pampu. Watatu, na wote wamepata dawa kabla hata mmoja hajauliza mgonjwa anaumwa wapi.

Nitalieleza kwanza la kuipiga kwa kiganja, kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Bunduki iliyokwama na risasi nusu ndani ni bunduki yenye risasi. Haina tofauti na nyingine yoyote iliyokokiwa, ila hii hujui itakapofunga itafunga vipi. Ukiisukuma kwa nguvu unalazimisha kitu ambacho hujajua kimezuiwa na nini, na kama ni uchafu mbele ya risasi, au ganda lililovimba, umejitengenezea tatizo kubwa kuliko la mwanzo. Auto-5 za Ubelgiji zina kijiswichi kidogo ubavuni kushoto, ambacho wenye bunduki nyingine huwa hawakijui. Ukikigeuza kinaifunga magazini, lile bomba la akiba chini ya mtutu, risasi zilizo humo hazipandi juu. Nilikigeuza, nikavuta mkono wa bolti taratibu hadi nyuma, risasi ya tatu ikatoka nzima, nikaiweka mezani. Kisha nikazitoa mbili zilizobaki kwenye magazini moja moja, nikachungulia, nikaingiza kidole kidogo kuhakikisha kwa kugusa. Macho peke yake hayatoshi kwenye sanduku la chuma lenye giza. Hapo ndipo nikaiweka begani.

Nikaenda nayo nyumbani na nikafanya kosa lile lile nililokuwa nimewakasirikia wenzangu. Niliimwagia oili.

Nilitaka tu kuona inateleza. Usiku ule niliisimamisha bolti nyuma, nikatia oili kwenye reli zake mpaka ikachuruzika, nikaifuta nje, nikaisimamisha kabatini mtutu juu kama baba alivyokuwa akiisimamisha. Wiki iliyofuata nikarudi uwanjani. Safari hii ilikwama kwenye risasi ya kwanza. Nilifyatua, ganda likatoka, risasi ya pili ikapanda, bolti ikaja mbele polepole kabisa, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa aliyelala, ikasimama. Ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Nikakumbuka kuna habari za mapete, nikaamini nimepata jibu.

Mapete ya Auto-5 ni sura ya peke yake na yanastahili kuelezwa, maana bunduki hizi zinapolalamikiwa, huenda zimewekwa mapete vibaya. Bunduki nyingi za kujipakia za leo hutumia gesi: kuna kitundu kwenye mtutu, moshi wa risasi unapita hapo na kusukuma pistoni. Auto-5 haina kitundu. Yenyewe hutumia teke. Unapofyatua, mtutu wenyewe unarudi nyuma ukiwa umeshikana na bolti, safari ndefu kuliko urefu wa risasi. Vikifika mwisho vinaachana. Springi nene iliyozunguka bomba la magazini, chini ya mtutu, inausukuma mtutu urudi mbele. Bolti inabaki nyuma ikiwa imelishika ganda kwa kucha zake, ganda linavuliwa na kutupwa nje. Mtutu ukishafika kwake ndipo bolti inaachiwa, nayo inakuja mbele na risasi mpya.

Sasa risasi hazilingani. Ya ndege wadogo ni nyepesi, ya wanyama wakubwa ina teke la punda. Bunduki ikipewa breki ya risasi nzito halafu ukapiga nyepesi, mtutu haufiki nyuma, ganda linakwama mlangoni. Ukifanya kinyume chake, mtutu unarudi kwa kishindo na kuitesa mbao mpaka ipasuke. Ndiyo maana kuna pete ya shaba yenye mkato inayobana bomba la magazini kama breki, na pete ya chuma inayoiongezea nguvu. Kwa risasi nzito pete ya chuma inakaa juu ya springi, upande wake ulioinama ukitazama pete ya shaba. Kwa nyepesi unaitoa pale na kuiweka chini kabisa, kati ya springi na sanduku la bunduki, ambako haibani kitu. Ni kazi ya dakika mbili. Unailaza bolti nyuma, unakalisha kitako chini, unaukandamiza mtutu kidogo, unafungua kifuniko cha magazini, unavua mbao ya mbele kwa upole kwa sababu ni nyembamba kama ganda la yai, mtutu unatoka.

Nilivua. Pete zilikuwa zimepangwa kwa risasi nzito na mimi napiga nyepesi! Nilifurahi mpaka nikampigia simu mdogo wangu. Nikazipanga upya, nikalifuta bomba la magazini, nikarudi uwanjani kwa mara ya tatu. Ikakwama vilevile.

Duka nililoenda liko mjini, lina leseni ya silaha, na karakana yake iko nyuma kwenye chumba chenye feni moja na dirisha la nondo. Matengenezo ya silaha ni ya fundi mwenye kibali, siyo ya fundi yeyote mwenye vifaa, hata kama mtaa mzima wa Gerezani, pale Dar, una mafundi wa chuma wanaoweza kukutengenezea kifaa chochote. Fundi wa pale ni mzee mfupi, anavaa miwani miwili, mmoja machoni mwingine kwenye paji. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akiitazama nundu na siyo mimi.

"Ya nani hii?"

"Ya marehemu baba."

"Pole, mwanangu. Haya, niambie. Inafanyaje?"

"Inakwama, mzee."

"Kukwama siyo jibu. Gari likizima unamwambia fundi limezima? Imekwamia wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mapete. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Ganda lilitoka?"

"Lilitoka."

"Lilirukia mbali au lilianguka hapo miguuni?"

"Mbali. Kama hatua nne."

"Mtutu ulirudi mbele?"

"Ulirudi."

"Risasi mpya ilipanda?"

"Ilipanda."

"Basi mtutu umefanya kazi yake, ganda limefanya kazi yake, magazini imefanya kazi yake. Wewe umeenda kuvua mtutu. Una kosa gani mtutu?"

Nilikaa kimya. Tangu mwanzo nilikuwa na ushahidi wote mkononi na sikuusoma. Bunduki ya kujipakia ni msururu wa kazi, moja inampokea mwenzake: kufyatua, kurudi nyuma, kung'oa ganda, kulitupa, kupandisha risasi, kuisukuma ndani, kufunga. Ikisimama, imesimama kwenye kazi fulani, na zote za kabla ya hapo zimeshapita salama. Ganda likibaki limebanwa mlangoni, hapo nenda kwenye mapete, kwenye bomba kavu au lenye kutu, kwenye risasi dhaifu, kwenye kucha iliyovunjika. Bolti ikibaki nyuma na magazini bado ina risasi, tazama springi ya magazini, tazama kama bomba lake limebonyea. Lakini bolti ikija mbele na kusimama kabla ya kufika, mambo yanabaki mawili tu. Ama kuna kinachoizuia mbele, ama kuna kinachoishikilia nyuma.

Cha mbele alikimaliza haraka. Alivua mtutu, akausimamisha wima mezani, upande wa chemba juu, kisha akachukua risasi yangu moja na kuiachia kwa vidole viwili juu ya tundu. Ikazama yenyewe, tup, ikakaa. Akaizungusha kwa ncha ya kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Akaichomoa, akachukua nyingine, tup. Nne zote. Risasi ya marisau iliyolala miaka kwenye unyevu huvimba, hasa zile za zamani za karatasi, na zingekataa kuzama kwa uzito wao. Alitazama pia ubavuni mwa mtutu palipogongwa 12-70, yaani geji 12 na chemba ya milimita 70, maana ganda linapaswa kulingana na chemba. Risasi ndefu kwenye chemba fupi inaweza kuingia vizuri kabisa kwa sababu mdomo wake umekunjwa, halafu ikifyatuliwa mdomo unafunguka hauna pa kwenda, na mgandamizo unapanda. Mwenye bunduki ya zamani ya Ulaya asome namba hiyo kabla ya kununua hata risasi moja. Ya kwetu ilikuwa sawa.

Akaurudisha mtutu. Kisha akafanya jambo ambalo lingeniokolea wiki tatu. Bunduki ikiwa tupu, tumeshaikagua wote wawili, aliivuta bolti nyuma, akauelekeza mtutu chini kwenye pipa la mchanga lililo pembeni ya meza, akaiachia bolti huku ameishika mkono wake isije ikajipiga. Ikafunga. Akauinua mtutu juu kuelekea pembe ya dari palipo na mfuko mwingine wa mchanga, akarudia. Bolti ikaja nusu, ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Chini inafunga kwa uzito wake. Juu haiwezi. Nani anaisukuma?"

"Springi."

"Ipi?"

Nikaonyesha ile nene ya mbele. Akatikisa kichwa, akagonga kwa kucha mbao ya kitako, nyuma tu ya pale mkono wa kulia unapokamata.

Kuna springi ya pili. Sikuwahi kuiona, na nina hakika baba naye hakuwahi. Imelala ndani ya bomba jembamba la chuma linaloingia katikati ya mbao ya kitako. Kila bolti inaporudi nyuma, mkono mdogo wa chuma unaibana humo, na inapoachiwa inaisukuma bolti mbele. Ya kwanza ni ya mtutu, ya pili ni ya bolti. Nimekuwa nahangaika na ya mtutu, na yenye tatizo ni ya bolti.

Nasema wazi kwamba namheshimu sana John Moses Browning aliyeiwaza mashine hii. Alikuwa mtoto wa fundi bunduki wa Ogden, Utah, na hati yake ya ubunifu ilitoka mwaka 1900, wakati ambao shotigani ya kujipakia ilikuwa bado haijashamiri sokoni. Aliwapelekea Winchester, kiwanda alichofanya nacho kazi kwa miaka mingi, wakashindwana kwenye malipo. Akaenda Remington. Januari 1902 alikuwa amekaa ofisini kwao akisubiri kuonana na mkuu wa kampuni, Marcellus Hartley, akaletewa habari kuwa Hartley amefariki siku hiyo. Akapanda meli kwenda Ubelgiji. Ndivyo bunduki ya Mmarekani ilivyozaliwa Herstal ikaandikwa Kifaransa, na miaka mingi baadaye ikafika kwetu Magomeni, Dar es Salaam. Browning mwenyewe alifia huko huko kiwandani Herstal, mwaka 1926. Watu walioichora kwa penseli na kuitengeneza kwa tupa waliifanya itii sheria moja rahisi, springi moja kazi moja, na ndiyo maana miaka yote hii baadaye mzee mwenye feni moja anaweza kuisoma kwa maswali manne.

Kuvua kitako ndiko kulikochukua muda. Chini, nyuma ya kifyatulio, kuna skrubu kubwa, na pembeni yake kijiskrubu kidogo cha kuizuia isilegee. Hicho kidogo hutoka kwanza. Mifereji ya skrubu hizi ni myembamba kama ukucha wa mtoto. Bisibisi ya dukani imechongwa kama kabari, nene juu na nyembamba kwenye ncha, kwa hiyo ikiingia kwenye mfereji inagusa kingo za juu tu, ukikaza inapanda na kuutafuna. Mzee ana mkebe wa maziwa ya unga umejaa bisibisi alizozinoa mwenyewe, kila moja bapa sawasawa mpaka mwisho. Alijaribu tatu. Ya nne iliingia ikajaa mferejini bila kutikisika, ukasema imezaliwa humo. Alinipa miwani yake ya paji nitazame. Kingo za mfereji zilikuwa kali, hazina hata mkwaruzo.

"Unaona? Huku hakujawahi kuingia mtu tangu kiwandani."

Skrubu zilitoka. Kitako hakikutoka. Mbao ilikuwa imeng'ang'ania chuma, na mimi mkono ulikuwa unaniwasha niipige na nyundo ya mpira. Yeye aliikumbatia bunduki kifuani, akawa anavuta kwa kuyumbisha kidogo kidogo, kama unavyong'oa jino la mtoto, karibu robo saa. Pale mbao inapoanza ni nyembamba mno, ukipiga inapasuka na haipatikani nyingine. Mwishoni ikatoa mlio wa kunyonya, ikaachia.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ilikuwa harufu ya baba siku za Jumamosi.

Mbao ndani ilikuwa nyeusi, imelowa oili, laini ukiibonyeza kwa ukucha. Mwisho wa lile bomba jembamba umezibwa kwa kizibo kilichoshikiliwa na pini inayokatiza, na nyuma ya kizibo springi imebanwa. Mzee alifunika kitambaa, akaweka dole gumba juu yake kabla ya kuisukuma pini, kwa sababu kizibo kikiachiwa kinaruka na kumpata mtu jichoni. Kikatoka taratibu chini ya kidole chake. Springi haikutoka. Springi ya kawaida ingeruka. Hii alilazimika kuivuta kwa koleo, na ilikuja na uzi mrefu wa kitu cha kahawia, kizito, kinachonata, kama sukari guru iliyochemshwa ikapoa. Kati ya mizunguko kulikuwa na kutu nyekundu. Upande wa ndani wa bomba ulikuwa hivyohivyo.

Alinipa nishike kipande cha uchafu ule. Nilikiviringisha kati ya vidole. Kilikuwa oili. Oili ya mashine, tone kwa tone, ya miaka zaidi ya thelathini, iliyoganda na vumbi na majivu ya baruti na unyevu wa pwani.

Jumamosi baada ya alasiri baba alitandaza gazeti kwenye baraza ya nyumba yetu ya Magomeni, akaileta bunduki na kile kichupa kidogo chenye mdomo mrefu cha oili ya cherehani ya mama. Alikuwa anaifuta nje kwa kipande cha khanga kuukuu, kila kona, kisha anaivuta bolti nyuma na kutia matone. Sikumbuki siku alipotia moja. "Chuma nacho kinasikia kiu," alikuwa akiniambia. Halafu anaisimamisha kabatini mtutu juu. Na usiku kucha oili inateremka. Inapita kwenye reli, inaingia nyuma, inazama kwenye bomba ambalo hakujua lipo, inalowesha mbao. Jumamosi inayofuata anaikuta imekauka, anaiona ina kiu, anatia tena. Hakupiga risasi nyingi. Miaka mingi hakupiga hata moja. Lakini hakuwahi kuacha kuitia oili. Na mimi usiku ule niliongeza yangu juu ya ya kwake.

Nilimweleza mzee. Hakucheka wala hakumlaumu. Alisema angeikuta na kutu mtutuni kama isingekuwa oili hiyo, na hapo asingekuwa na la kunisaidia. Nimekuja kumwelewa vizuri zaidi baadaye. Hewa ya Dar ni chumvi na jasho. Masika, Machi mpaka Mei, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Chuma ambacho hakijapakwa kitu, kikishikwa kwa mkono wenye jasho, kesho yake kina alama ya vidole kwa kutu. Mtutu wa baba ulikuwa unang'aa ndani kama kioo. Ukiuelekeza kwenye dirisha unaona duara ndani ya duara, hakuna kidonda hata kimoja. Oili ileile ndiyo iliyouokoa mtutu na kuiziba springi.

Springi ililala usiku mzima kwenye mafuta ya taa. Bomba alilisafisha kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti cha mshikaki, anaingiza, anazungusha, anatoa, anatupa, nikaacha kuhesabu baada ya ishirini. Kutu ya springi ilikuwa ya juujuu, ikatoka kwa brashi ya shaba. Niliuliza kama hatuwezi kuivuta kidogo irefuke ipate nguvu. Alikunja uso. Springi iliyovutwa hurudi ilikotoka baada ya siku chache, au hukatika, alisema, na wanaokata mzunguko mmoja ili ilegee nao wanaiua. Ama inafaa kama ilivyo, ama inabadilishwa. Hii ilifaa. Aliirudisha ikiwa kavu, ikiwa na ukungu tu wa oili nyepesi, kiasi cha kitambaa kilichogusa chupa. Reli za bolti zikapata tone moja kila upande. Bomba la magazini akaliacha limepakwa na kufutwa, maana pale oili nyingi inaua breki ya mapete na ukavu kabisa unaikaza kupita kiasi.

Mbao ndiyo haijaisha. Tumeifunga kwenye karatasi za gazeti na unga mweupe unaonyonya mafuta, tukabadilisha kila baada ya siku kadhaa, na imetoa oili ya kutisha, lakini karibu na tundu la skrubu kuna ufa mwembamba kama unywele. Mzee anasema aliuona kabla ya kuivuta. Namwamini. Ameujaza gundi na kuniambia niutazame kila mara, ukirefuka niirudishe siku hiyohiyo. Nimeuwekea alama ya penseli kwenye ncha zake mbili.

Nilirudi uwanjani mara ya nne. Msimamizi alikuwa yuleyule. Niliweka risasi moja tu kwanza, nikafyatua, bolti ikabaki nyuma kama inavyotakiwa magazini ikiwa tupu. Kisha mbili. Kisha tano, nne kwenye magazini na moja kwenye chemba, idadi iliyoipa bunduki jina lake. Nilizipiga polepole, nikisikiliza baada ya kila moja. Klaki. Klaki. Klaki. Klaki. Ilikuwa na sauti kali kuliko niliyoikumbuka, na nadhani hata utotoni sikuwahi kuisikia ikiwa safi hivyo.

Nyumbani nikaifuta, nikaiweka kwenye kabati la chuma, safari hii mtutu chini, juu ya kipande cha zulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Tangu msiba hajaingia chumba kile bunduki ikiwa nje.

"Mbona umeigeuza kichwa chini? Baba yako hakuwa akiiweka hivyo."

Nikamweleza habari za oili, bomba na springi. Nikamweleza kwa uangalifu, nikichagua maneno, nisije nikamfanya baba aonekane amekosea. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasogea, akaugusa ule ufa karibu na skrubu, akanusa kidole.

"Oili ya cherehani yangu," akasema. "Nilikuwa najiuliza inaishia wapi."

Akaniambia nitafute zulia nene zaidi, hilo ni jembamba, mdomo wa mtutu utagusa chuma.